Sahani ya Kiminini

Aghalabu mwanafunzi akisikia neno uhakiki, mawazo yake hukimbilia vitabu. Hudhani kwamba mhakiki ni mtu akaaye na riwaya au diwani mbele yake, akapima wahusika, lugha na maadili, kisha akatoa hukumu. Hiyo ni kweli, lakini ni sehemu tu ya kweli. Kila kazi itokayo mikononi mwa binadamu, ikawekwa mbele ya watu ili waipokee na kuilipia, yaweza kuhakikiwa: nyumba, wimbo, kiti, nguo, na hata chakula. Katika insha hii nataka tuhakiki pamoja, mimi na wewe msomaji, kazi ya hoteli ndogo za halali zilizo katika mji wa Kiminini. Nimezichagua kwa sababu ziko karibu nasi, na kwa sababu katika sahani moja huchanganya vyakula vya Asia na vya Ulaya. Zaidi ya hayo, zinatuuliza swali ambalo kila kijana wa nchi hii atalazimika kulijibu siku moja: ni jambo gani lifanyalo kitu kigeni kiwe chetu?

Kiminini ni mji wa njiani. Uko kusini-magharibi mwa Kitale, katika kaunti ya Trans Nzoia, kando ya barabara kuu itokayo Kitale kwenda Webuye, na msafiri wa Bungoma hupita hapo. Upande mmoja waonekana Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321. Pande zote ni mashamba ya mahindi. Mahali kama hapo, penye madereva, wachuuzi wa nafaka, walimu na waendesha bodaboda, hapakosi hoteli. Katika Kiswahili cha Kenya, neno hoteli hutumika kwa mahali pa kula, hata kama hapana kitanda hata kimoja cha kulala.

Juu ya mlango wa hoteli ya namna hii limeandikwa neno moja, HALALI. Ndani, ukutani, pana ubao wa vyakula. Husomeka pilau, wali kwa ndengu, chapati kwa maharagwe, ugali kwa sukuma wiki, kuku, sambusa, chai ya maziwa. Na siku ya Ijumaa, biriani. Halafu husomeka chipsi, chipsi masala, soseji na kebabu. Mezani hukaa Mwislamu atokaye msikitini na Mkristo atokaye kanisani, na mchuzi ni mmoja. Ubao huu ndio matini yetu. Tuusome kama tusomavyo ukurasa wa kitabu.

Yatupasa kwanza kujua vyakula hivi vilifikaje hapa. Njia ya kwanza ilikuwa ya miguu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilitoka pwani, ikapanda bara, ikafika katika ufalme wa Wanga na kutua penye mji ambao leo unaitwa Mumias, kwa jina la Nabongo Mumia aliyetawala huko. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka wa 1883 aliikuta njia imekwisha kanyagwa na Waswahili. Pamoja na shanga na nguo, watu hao walikuja na dini ya Kiislamu, lugha yao, na desturi zao za kuchinja na kula. Uislamu ulioanza hapo umekaa katika magharibi mwa Kenya hadi leo.

Njia ya pili ilikuwa ya chuma. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na tawi lake likafika Kitale mwaka wa 1926. Wahindi wenye maduka waliifuata reli, na nyuma ya kila duka palikuwa na jiko. Katika majiko hayo ndimo zilimotoka chapati, sambusa na chai ya maziwa, zikaingia katika maisha ya watu wa bara. Njia ya tatu ilikuwa ya walowezi wa Kizungu waliotwaa ardhi ya Trans Nzoia mwanzoni mwa karne ya 20. Walilima mahindi na ngano, na mezani kwao wakala viazi vya kukaanga na soseji. Aliyesimama mbele ya jiko lao mara nyingi alikuwa Mwafrika, na alichojifunza humo alitoka nacho. Kwa hiyo, msomaji, ukiusoma ubao wa Kiminini kutoka juu hadi chini, unasoma habari za msafara, za reli na za shamba la mlowezi.

Niliwahi kuwasikia wanafunzi wangu wa ualimu wakibishana juu ya jambo hili. Mmoja alisema, "Pilau ni ya Waarabu, chapati ni ya Wahindi, chipsi ni za Wazungu. Chetu sisi ni ugali na kuku. Hoteli hizi zinatufundisha kuwa wageni katika nchi yetu." Mwenzake alimjibu kwamba chakula hakina kabila, na kwamba mwenye njaa haulizi asili ya sahani. Darasa likagawanyika. Mimi nasema kwamba wote wawili walikuwa wepesi wa kuhukumu. Wa kwanza hakuchunguza, na wa pili alikataa kuchunguza.

Tuanze na ugali. Mahindi ni mmea wa Amerika. Yalivuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania, na hayakuwa Afrika Mashariki kabla ya karne ya 16. Hata mahindi ya Kitale yenyewe, yaliyoipa Trans Nzoia sifa ya kuwa ghala la nchi, yana damu ya mbali. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka wa 1956, na mwaka wa 1964 mbegu chotara iitwayo 611 ikatolewa kwa wakulima. Ilizalishwa kwa kuoanisha mahindi yaliyolelewa Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ekuador, katika Amerika ya Kusini. Mama wa Kibukusu asongaye ugali jioni anasonga unga wenye babu katika milima ya nchi ambayo hajapata kuiona.

Je, kuku? Huyu ndiye fahari ya meza ya Waluhya, na mgeni asiyechinjiwa kuku hujiona hakupokewa. Lakini kuku naye ni mhamiaji. Asili yake ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka wa 2022 wataalamu walieleza kwamba mifupa ya zamani kuliko yote ya kuku wa kufugwa waliyoithibitisha ilitoka Ban Non Wat, nchini Thailand, na umri wake unapita miaka 3,000. Walidhani kwamba mpunga ndio uliomvuta ndege huyo karibu na binadamu. Alizifuata punje shambani, akabaki uani.

Sasa tuutazame mchele, ambao kijana yule aliuita wa kigeni. Mwaka wa 2016 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kwamba walipata punje za mpunga na choroko, ambazo sisi wa bara huziita ndengu, katika Komoro na Madagaska. Punje hizo ni za tangu karne ya 8 hadi ya 10. Walizihusisha na mabaharia wa Asia ya Kusini-Mashariki, na lugha ya Kimalagasi mpaka leo ni jamaa ya lugha za huko. Basi wali na ndengu vililiwa katika visiwa vya bahari yetu miaka mia kadhaa kabla ya punje ya kwanza ya mahindi kuvuka maji. Tukipima kwa umri wa kukaa, wali ni mwenyeji na ugali ni mgeni wa jana. Nani atakubali hukumu hiyo? Hakuna, nami siikubali. Yatosha kutuonyesha kwamba kipimo cha asili hakifai. Ukikishika kwa haki, hakitakuachia kitu sahanini.

Tutafute kipimo kingine, na hapa Kiswahili chenyewe kitatusaidia. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu. Tulipolipokea tuliona linaanza na ki, tukasema vitabu, kama tusemavyo viti na visu. Mwarabu hasemi hivyo, yeye husema kutub. Neno meza lilitoka kwa Wareno, neno shule kwa Wajerumani, neno gari Bara Hindi. Hakuna adhaniye kwamba mtu asomaye kitabu mezani shuleni anasema lugha tatu. Neno geni huwa letu siku linapokubali sarufi yetu, likaingia katika ngeli, likachukua viambishi, likatumika kwa watoto na wazee. Neno lisilokubali hubaki limesimama mlangoni, nasi hulitamka kwa kubana midomo.

Jiko nalo lina sarufi yake. Lina namna ya kuanza, ambayo kwetu ni kitunguu katika mafuta, kisha nyanya. Lina namna ya kuunganisha, yaani mchuzi. Lina adabu ya kugawa, nani atangulie na nani apewe kipande gani. Na juu ya yote lina uaminifu kati ya apikaye na alaye, maana mlaji hakuwapo jikoni. Kutokana na hayo napendekeza maswali matatu ya kuihakiki hoteli ichanganyayo vyakula. Je, inatimiza ahadi yake? Je, vitu vigeni vimekubali sarufi ya jiko? Je, imekikumbuka kilicho mlangoni pake?

Swali la kwanza ni la ahadi, na ahadi imeandikwa juu ya mlango. Halali maana yake ni kilichoruhusiwa katika sheria ya Kiislamu. Kwa nyama, maana yake mnyama awe hai na mzima, jina la Mungu litajwe, koo likatwe kwa kisu kikali, damu itoke. Nyama ya nguruwe na pombe zisiingie. Asiye Mwislamu pia hufaidika na ahadi hiyo, kwa maana anajua kwamba hali mzoga, na kwamba mtu fulani amekubali kuulizwa habari za nyama ile mbele ya Mungu. Katika machinjio mengi ya Kenya mchinjaji ni Mwislamu, na nyama huliwa na wote. Huo ni mkataba usioandikwa ambao umewawezesha jirani wa dini mbili kualikana.

Usidhani kwamba jambo hili ni dogo. Mwezi wa Februari 2013, katika mji mdogo wa Buseresere, mkoani Geita, Tanzania, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja uligeuka mapigano, na mtu mmoja akauawa. Mkataba wa jikoni ukivunjika, wanaoumia si matumbo tu. Kwa hiyo Mwislamu na Mkristo wakila pilau meza moja Kiminini, bila mmoja kumwuliza mwenzake maswali, hapo pana kazi ya ustaarabu inayofanyika kimya.

Hata hivyo mhakiki hashibi kwa neno lililo juu ya mlango. Methali yasema: sahani iliyofunikwa, kilichomo kimesitirika. Katika ubao wa Kiminini, sahani iliyofunikwa ni soseji. Mguu wa kuku hujionyesha kuwa mguu wa kuku, lakini soseji ni nyama iliyosagwa ikavikwa ngozi, na alaye hutegemea neno la aliyeisaga. Mwaka wa 2013 iligunduliwa huko Ireland na Uingereza kwamba baadhi ya baga zilizouzwa kwa jina la nyama ya ng'ombe zilikuwa na nyama ya farasi, na nyingine zilikuwa na chembe za nguruwe. Hoteli ya halali iuzayo soseji imejitwika mzigo mzito kuliko iuzayo pilau. Yapasa ijue soseji zake zimetoka wapi, na iwe tayari kusema.

Na liko jambo jingine. Katika Kurani neno halali huambatana mara kadhaa na neno tayibu, yaani kilicho kizuri na safi. Maneno hayo mawili ni kama miguu miwili ya mtu mmoja. Viazi ni halali bila shaka, lakini karai la mafuta lililokaangiwa asubuhi, mchana na jioni, na kesho yake tena, mpaka mafuta yakawa meusi na kutoa harufu kali, latoa chakula kilichoruhusiwa kisicho kizuri. Hoteli nyingi za njiani, za halali na zisizo za halali, hukosea hapa. Neno lililo juu ya mlango linaidai hoteli zaidi ya kisu cha mchinjaji.

Swali la pili ni la sarufi. Hapa pilau inastahili sifa. Jina lake lilitoka upande wa Uajemi. Karafuu zake zina asili katika visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia, na mdalasini wake ni wa Asia. Lakini tazama jinsi lilivyopikwa jiko la Kiminini. Nazi haioti hapa, basi pilau haikungojea nazi. Imetegemea kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa na rangi ya udongo, na supu ya nyama ya ng'ombe wa huku huku. Kando yake pana kachumbari, na pengine ndizi mbivu. Mgeni amevaa nguo za mwenyeji, na zimemkaa. Chapati pia imefaulu. Mpishi wetu huikanda kwa mafuta, huikunja na kuisukuma tena ili iwe na tabaka, kisha humpa mlaji kwa maharagwe. Katika nyumba nyingi za bara sikukuu ya Krismasi haikamiliki bila chapati. Chakula kilichoingia katika sikukuu za watu kimekwisha pata uraia.

Chipsi zimefika wapi? Kiazi kimekatwa, kimekaangwa, kimewekwa sahanini, kikamwagiwa sosi nyekundu ya chupa. Hapana kitunguu, hapana mchuzi, hapana mkono wa mpishi uwezao kutofautishwa na mkono wa mpishi mwingine. Ni neno lililosimama mlangoni. Lakini tusiwe wakali kupita kiasi, kwa maana ubao huo huo una chipsi masala. Hizo hurudishwa karaini pamoja na nyanya, kitunguu saumu, pilipili na dhania, na hapo kiazi huanza kunyambuliwa. Ndugu zetu wa Dar es Salaam walifanya vivyo hivyo kwa njia yao, wakazimwagia chipsi mayai na kuzigeuza kama chapati nene, zikaitwa chipsi mayai. Hakuna Mwingereza atakayedai kwamba hicho ni chakula cha kwao. Mpishi wa Kiminini anao uwezo huo; mara nyingi anakosa ujasiri tu, au wakati.

Kuku ameniletea masikitiko. Katika desturi ya Waluhya firigisi ina mwenyewe. Hupewa baba wa nyumba au mgeni wa heshima, na mtoto hujifunza utu kwa kuitazama ikipita mbele yake kwenda kwa anayestahili. Hotelini kuku hukatwa vipande vinne, kila kipande na bei yake, na firigisi haina mwenyewe tena. Najua biashara haiwezi kuendeshwa kwa adabu za nyumbani peke yake. Lakini mpishi akimwekea mzee firigisi katika bakuli la mchuzi bila kuombwa, hatapata hasara, na mzee huyo hatakula kwingine.

Kabla ya swali la tatu, twende kidogo ng'ambo, ili tuone wenzetu wamefanyaje. Huko Malaysia, katika eneo lile lile la dunia lililotupa kuku, wako watu ambao jiko lao lafanana na letu. Chakula chao kipendwacho ni nasi lemak, wali uliopikwa kwa tui la nazi, ndugu kamili wa wali wa nazi wa Lamu na Mombasa. Wana roti canai, ndugu ya chapati, iliyoletwa na Waislamu kutoka kusini mwa Bara Hindi. Wana sate, ndugu ya mishkaki. Nao walitawaliwa na Waingereza. Wapishi wenye asili ya Hainan, nchini China, waliotumikia nyumba za Waingereza hao walijifunza mapishi ya Kizungu, wakayatia mchuzi wa soya, na kuku wao wa namna hiyo angali anauzwa katika mikahawa ya huko. Leo hoteli za halali za Malaysia huweka wali na baga katika orodha moja. Lakini nasi lemak haikuondolewa ili baga ipate nafasi. Huliwa tangu alfajiri, na tajiri na maskini, nyumbani na njiani. Mgeni amepewa kiti, na mwenyeji hakuondolewa kwenye chake.

Hilo latufikisha kwenye swali la tatu, na hapa hukumu yangu ni nzito. Usome tena ubao wa Kiminini. Uko wapi ugali wa wimbi, nafaka ambayo asili yake ni Afrika hii hii, iliyoliwa hapa kabla ya mahindi? Uko wapi mrenda? Ziko wapi kunde, mnavu na sagaa? Katika hoteli nyingi hazimo, au zimeandikwa chini kabisa, na ukiziagiza huambiwa zimekwisha. Sukuma wiki peke yake ndiyo iwakilishayo mboga zote za majani, nayo ni ya ukoo wa kabichi uliotoka pande za Bahari ya Kati. Hoteli hii imekumbuka misafara, reli na walowezi, ikausahau mlima ulio nyuma yake.

Mwenye hoteli ana majibu, na ni haki tuyasikie. Atasema kwamba wateja hawaziombi mboga hizo. Kwamba mrenda una kazi nyingi ya kuchambua. Kwamba kijana akija na rafiki yake hutaka chipsi, ili asionekane mshamba. Atasema pia, na hapa atakuwa na hoja ya nguvu, kwamba viazi vya chipsi zake hulimwa katika miteremko ya Elgon na Cherang'any, na fedha zake hurudi kwa mkulima jirani, hali mchele wa pilau tunayoisifu mara nyingi ni wa Pakistan. Hoja hiyo yatufundisha unyenyekevu. Chakula tukiitacho cha Kizungu chaweza kumlisha mkulima wa Trans Nzoia kuliko kile tukiitacho chetu. Ndiyo sababu sikusema chipsi ziondolewe.

Lakini hoja ya kwamba wateja hawaombi haitoshi. Ubao wa hoteli ni kitabu kisomwacho hata na mtu asiyekwenda shule. Kilichoandikwa juu kwa herufi kubwa humfundisha kijana kwamba hicho ndicho chakula cha mtu aliyefanikiwa. Kisichoandikwa humfundisha kwamba hicho ni cha nyumbani, cha gizani, cha bibi. Mtoto alelewaye na ubao kama huo kwa miaka kumi hataomba mrenda, na kutoomba kwake kutatumiwa kuwa ushahidi kwamba mrenda haupendwi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi ya utafiti kuonyesha ubora wa mboga hizi za asili kwa mwili na kwa mkulima, na katika miji mikubwa baadhi ya watu wamezirudia kwa fahari. Ingekuwa aibu zipate heshima Nairobi kabla ya kuipata Kiminini, zinakoota hata kando ya njia.

Tukusanye hukumu yetu. Katika swali la ahadi, hoteli ya halali ya Kiminini yastahili heshima, kwa sababu imewaweka watu wa dini mbili katika meza moja. Lakini yadaiwa habari za soseji zake na usafi wa mafuta yake. Katika swali la sarufi, pilau na chapati zimefaulu vizuri, chipsi masala zimo njiani, na chipsi za sosi ya chupa bado ni wageni. Katika swali la mahali, imeshindwa, na kushindwa huko kwaweza kurekebishwa kwa kipande cha chaki. Naiwazia sahani ambayo ingeweza kutoka katika jiko hilo hilo kesho: kuku wa kienyeji aliyechinjwa kwa halali, mchuzi wake wa dhania na bizari, ugali wa wimbi, mrenda kando, na viazi vichache vya masala kwa apendaye. Asia ingekuwamo, Ulaya ingekuwamo, Amerika ingekuwamo, na Trans Nzoia ingekuwa mwenyeji wao.

Msomaji, nimekupa maswali matatu, nawe usiyaache katika kurasa hizi. Chukua daftari, nenda katika hoteli ya mji wako, iwe Kiminini, Kitale, Bungoma au kwingineko, usome ubao wake, uandike hukumu yako kwa haki: sifa mahali pa sifa, na lawama mahali pa lawama, kila moja na sababu yake. Kisha fanya jambo moja ambalo mhakiki wa vitabu hawezi kulifanya kwa mwandishi aliyekwisha kufa. Mwite mhudumu, umwulize mrenda upo lini. Akijibu kwamba haupo, mwambie kwa upole kwamba utarudi Jumatano kuuliza tena, nawe urudi. Mwenye hoteli hatasoma insha yangu, lakini mteja aulizaye mara mbili atamsikia.